Magugu ya Kifusi

Koleta, mke wa Shibuda, ana ugonjwa mmoja tu, na hauna dawa hospitalini wala kwa mganga: akiona gugu, mikono inamwasha. Mpeleke msibani, atawapa wafiwa pole, atalia kilio cha haki, halafu baadaye utamkuta kainama pembeni mwa uwanja wa watu anang'oa ndago. Mpeleke kanisani, kabla padri hajavaa yeye keshasafisha njia nzima ya kuingilia sakristia. Watu wa Nyantakara wanamcheka kwa hilo, naye anacheka nao, lakini hacheki kwa raha.

Sababu yake wakubwa wote wanaijua. Koleta alizaliwa Keza, kule Ngara, kwenye nyumba ya Wahangaza Wakatoliki, migomba imeizunguka kila upande. Migombani unatandaza nyasi kavu chini, na gugu linakosa pa kutokea. Kisha akaolewa na Shibuda, Msukuma ambaye wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao kuja kutafuta malisho Biharamulo. Mwaka wa kwanza wa ndoa akapewa shamba la mahindi kando ya barabara, na papo hapo akashika mimba ya kumtapisha asubuhi na jioni. Magugu yakamzidi. Yakawa marefu kuliko mahindi yenyewe, jamani, mpaka mpita njia akauliza humu kumepandwa nini.

Mama mkwe wake, Limi, hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alichofanya ni kuwasimamisha barabarani wanawake wenzake waliokuwa wanatoka mnadani, akanyoosha mkono kuelekea shambani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Njooni mwone shamba la mkwe wangu. Huyu ndiye Mama Magugu."

Basi jina likaganda. Kisimani Mama Magugu, mashineni Mama Magugu. Alikuwa Mama Magugu kabla hajawa Mama Paschal, na hata Paschal alipozaliwa kuna waliokuja kumtazama mtoto wakasema amefanana na baba yake, siyo na magugu. Koleta alicheka nao, akawapikia uji, na walipoondoka akajifungia ndani akalia.

Tangu hapo hakuna gugu lililomchezea tena. Shamba lake likawa ukidondosha sindano unaiona. Miaka ikaenda, jina likachakaa, vijana wa siku hizi hata hawalijui. Yeye ndiye hakulisahau.

Sasa twende Kifusini, maana aibu yenyewe ninayotaka kusimulia imetokea huko.

Palikuwa na mgodi wa dhahabu si mbali na kitongoji chao. Wakachimba weee, dhahabu ikaisha, mgodi ukafungwa, wenyewe wakaondoka na mitambo yao. Kilichobaki ni mlima wa mawe waliyoyatoa ardhini, na huo ndio watu wanaouita Kifusi. Kabla ya kuondoka waliusawazisha, wakaufunika udongo mwekundu, wakapanda nyasi na miti midogo mistari kwa mistari, wakazungusha uzio. Wakaahidi: siku uoto ukirudi sawasawa na wataalamu wakaridhika, uzio unang'olewa, na Kifusi kinakuwa malisho ya kijiji.

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha mtaalamu huja kupima. Hapimi mlima mzima, asije akafia huko. Kuna vipande vidogo vidogo vimewekewa vigingi vyekundu, na humo ndimo anamoinama na kuchungulia.

Mlinzi alipotakiwa, mkutano wa kijiji ulimchagua Koleta kwa sauti moja. "Mtu msafi kama huyu utampata wapi?" alisema Evaristi, mwenyekiti wa kijiji, na watu wakapiga makofi. Akapewa buti na kizibao cha rangi ya machungwa. Akaelezwa kazi: asiingie ng'ombe, asiingie mkata kuni, usiingie moto. Kuhusu magugu hakuna aliyesema neno.

Na mwaka huu ndio uliokuwa mwaka wenyewe. Mvua zilikuwa za kubabaisha, malisho ya bondeni yalikuwa yamekwisha kabla kiangazi hakijaanza, na ng'ombe wa Shibuda mbavu zilikuwa nje. Ikajulikana kwamba mtaalamu akiridhika safari hii, uzio unatolewa. Limi, ambaye sasa ni kikongwe wa kutembelea fimbo, alikuwa na wimbo mmoja tu. Zamani, kabla ya mgodi, boma lake lilikuwa ubavuni mwa kilima kilichochimbwa. "Nataka nione ng'ombe wa mwanangu wakipanda kule," alisema kila jioni. "Nikishaona hilo, mnizike."

Basi Evaristi akapiga simu. "Mama Paschal, mtaalamu anakuja wiki hii hii. Hakikisha panapendeza."

Panapendeza! Mwenyekiti naye, angejua alichokuwa anakiwasha, angetupa simu mtoni.

Koleta alipanda Kifusini asubuhi hiyo hiyo, akaingia kwenye vigingi vya kwanza, akashika kiuno. Nyasi zilizopandwa zilikuwepo kwenye mistari yake, miti ipo. Lakini katikati ya mistari, Mungu wangu! Kishonanguo kimejaa. Mlenda pori umejiotea unavyotaka. Kuna vitambaazi vya maua ya zambarau vimepanda mpaka kwenye miti, kuna majani asiyoyajua hata jina, kuna vijiti vyeusi vyeusi vinavyofanana na vilivyokufa. "Bikira Maria," akasema peke yake, "ndiyo mgeni aje aone haya?" Na masikioni mwake akasikia, kama jana tu, sauti ya Limi barabarani.

Akavua kizibao, akakunja gauni, akainama.

Wiki nzima alipalilia. Hakutumia jembe, kwa sababu udongo ulikuwa bado na unyevu na kila kitu kiling'oka na mizizi yake ukivuta taratibu. Alivuta, akakung'uta udongo, akafunga kwenye kanga, akaenda kumwaga kwenye korongo lililo nyuma ya uzio. Alipomaliza kung'oa alifagia. Ndiyo, alifagia kwa ufagio wa fito, kuzunguka kila mti akauwekea kisahani cha udongo. Nje ya vigingi hakugusa, kwa sababu mwaka jana aliona kwa macho yake kwamba mtaalamu hana habari na nje ya vigingi. Mgeni unamfagilia sebuleni, humfagilii stoo.

Shibuda alimwona anarudi kila jioni, kucha zimejaa udongo. "Mama Paschal," akamtania, "huyo mtaalamu anakuja kupima au anakuja kula pilau?"

"Nyamaza wewe. Uzio ukitolewa utanishukuru."

Usiku wa kuamkia ugeni mvua ikanyesha, ikalainisha kila kitu, hata visahani vya udongo na alama za ufagio vikafutika. Koleta alipoamka akaona hata Mungu yuko upande wake.

Mtaalamu alitokea Nyakanazi, alikolala gesti. Jina lake Joyceline, mama kijana mpole, mwenye kofia ya kitambaa na viatu vilivyochoka kwa kutembea porini, na mwaka jana ni yeye huyo huyo aliyekuja. "Shikamoo mama," alisema, akimpa Koleta mkono kwa heshima zote. "Marahaba mwanangu, karibu. Karibu sana." Evaristi alikuwepo na kamati yake ya mazingira, wafugaji walikuwepo, akina mama walikuwepo. Limi aliletwa kwa bodaboda mpaka getini, kisha Shibuda akambeba mgongoni mpaka juu na kumketisha kwenye kigoda. Sherehe kabisa, ungedhani kuna anayeolewa.

Joyceline akaweka fremu yake ya mraba chini ndani ya vigingi vya kwanza, akapiga magoti, akatazama. Akatazama muda mrefu. Akahamisha fremu. Akaenda vigingi vya pili, vya tatu, vinavyofuata, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyopunguza maneno. Koleta alimfuata nyuma akisubiri sifa. Badala ya sifa, Joyceline alichota udongo, akaunusa, akausugua kwa vidole, akasimama.

"Mwaka jana humu kulikuwa na mimea mingi imejiotea," alisema. "Safari hii sioni hata mmoja. Mama, kuna mtu amepalilia humu ndani?"

Hakuuliza kwa ukali. Lakini watu wote waligeuka wakamtazama Koleta, na kwenye kigoda Limi aliinamisha kichwa ili asikie vizuri. Koleta hakuelewa bado kosa ni nini. Alielewa tu kwamba ni kosa, kwamba ni la magugu, na kwamba mama mkwe wake anasikiliza. Mdomo ukamtangulia.

"Hapana, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shibuda akakohoa. Koleta akamtupia jicho, naye akainama kutazama katambuga zake za matairi.

Joyceline akawageukia watu. "Basi itabidi niwaeleze ukweli," alisema, na akawaeleza kwa Kiswahili chepesi, kila mtu akaelewa, Koleta kuliko wote. Kwamba nyasi na miti iliyopandwa si kipimo, kwa sababu hata kwenye ndoo mti utaota ukiumwagilia. Kwamba yeye anatafuta kilichokuja chenyewe, mbegu ya upepo, mbegu ya ndege. Kikija chenyewe na kikakaa, ujue ardhi imepona. Mwaka jana vilikuja vingi, alifurahi mno. Na kama hakuna aliyevigusa, basi vimekufa vyote kwa pamoja, na maana yake sumu iliyomo kwenye yale mawe ya mgodi, chini ya udongo, imepanda juu. Yaliyo nje ya vigingi yapo, lakini hayo hayajawahi kuhesabiwa, hayawezi kumtolea ushahidi.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" aliuliza Evaristi.

"Tutashauri udongo wote ukwanguliwe, uletwe mwingine, tuanze upya."

"Na malisho?"

"Malisho, mzee wangu, kwa miaka mingi tuyasahau."

Koleta alitazama vipande vyake visafi, vilivyofagiliwa, na kwa mara ya kwanza akaviona alivyoviona mtaalamu: vitupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ndiyo hiyo aliyoinyonyoa. Mikono yake akaificha nyuma, kama vile udongo wa kwenye kucha ungeweza kusema.

Watu wakaanza kushuka getini, ambako kulifungwa turubai la kivuli ili mtaalamu atoe taarifa yake kwa kijiji. Walishuka kama msafara wa mazishi. Koleta akabaki nyuma, akajifanya anafunga kamba za buti. Nani angejua? Hilo ndilo lililomjia kichwani, tusimpake mafuta. Shibuda asingemsema mkewe mbele za watu hata umchinje. Korongoni hakuna anayepita. Lawama zingebaki kwa mawe, na mawe hayana jina la kuharibika.

Akaenda hata hivyo mpaka korongoni, akachungulia. Lundo lilikuwepo, kubwa kuliko alivyolikumbuka. La juu lilikuwa limenyauka. La chini, lililopata maji ya mvua ya usiku, lilikuwa bado kijani, na mlenda mmoja, aibu gani hii, ulikuwa umeanza kuinua kichwa.

Hapo akasikia sauti ya Limi kutoka njiani. Shibuda alikuwa amembeba mgongoni anateremka naye, na masikio ya kikongwe hayakuwa yameshika yote yaliyosemwa. "Sasa ng'ombe wanapanda lini?" aliuliza. "We Shibuda, nakuuliza, wanapanda lini?" Shibuda akazidi kutembea.

Koleta akatandika kanga yake chini akaijaza.

Alipofika kwenye turubai Joyceline alikuwa ameshaanza kuzungumza. Koleta akapita katikati ya watu waliokaa, akamwaga mzigo mbele ya miguu ya mtaalamu. Alitaka kusema kwa utaratibu. Yakatoka hivi: "Ni mimi. Nimepalilia mimi, wiki nzima, vigingi vyote. Sumu hakuna. Sumu ni mimi. Na nimekudanganya mbele ya watu."

Kisha mwanamke mmoja mzee, mmoja wa wale waliosimamishwa barabarani miaka ile, akaangua kicheko: "Ee! Mama Magugu kafufuka!" Kikaenea. Vijana wakauliza ni nini, wakaelezwa pale pale, nao wakacheka, jina likapata watoto wapya. Halafu wafugaji wakakumbuka ng'ombe zao na kicheko kikakatika. Mmoja akasema wazi kwamba angekuwa mkewe leo angelala kwao Keza.

Koleta alivumilia yote hayo. Lililomshinda ni Joyceline. Hakufoka, hakusonya. Alimtazama tu, akasema polepole, "Mama, nilikuuliza."

Koleta akainama, akaanza kukusanya majani yaliyotawanyika miguuni mwa mtaalamu.

Baadaye Joyceline akataka aone lundo lote. Likasombwa kutoka korongoni, likamwagwa kwenye turubai lililoteremshwa chini, na kazi ikawa kuchambua: hili na hili, lile na lile, kila jani na wenzake. Ndipo Koleta alipojua alichokifanya, kwa sababu kila alichokishika alikikumbuka. Hiki nilikivuta nikiimba. Hiki kilinisumbua nikakikanyaga kisigino. Watu walisimama wakamzunguka wakimtazama anavyochambua, na hakuna aliyeinama kumsaidia.

Aliyekuja ni Limi. Alishuka kwenye kigoda, akajikokota, akakaa chini kwenye turubai miguu mbele, akavuta fungu upande wake. Vidole vyake vilivyopinda vilichambua taratibu mpaka vikafika kwenye kimojawapo cha vile vijiti vyeusi, chenye mzizi mnene kuliko chenyewe. Akakigeuza, akakwaruza ganda kwa ukucha, akakinusa.

"Mninga," alisema.

Joyceline akakipokea, akatikisa kichwa kukubali. Mninga mchanga, alieleza, juu hukauka kila kiangazi ukadhani umekufa, kumbe chini unanenepesha mzizi, na mvua ikija unatoa tena. Unafanya hivyo miaka na miaka kabla haujaamua kuwa mti. "Huu ulikuwa umeshakaa," alisema. Vilikuwepo vingine vya namna hiyo kwenye lundo. Koleta alivipanga mwenyewe kimoja kimoja, kamasi zikimtoka.

Joyceline ni mtu wa haki. Alisema mbele ya wote kwamba na yeye ana kosa, hakuwahi kuwaambia wasipalilie, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kupalilia kifusi cha mawe. Watu wakacheka kidogo. Alidhani anampunguzia Koleta mzigo, kumbe amemwongezea.

Kisha akasema uamuzi wake. Udongo hautakwanguliwa, kwa kuwa hana shaka tena, ardhi inapona. Lakini hawezi kuhesabu maiti kama watu walio hai. Humo kwenye vigingi leo hakuna kitu, na ndivyo atakavyoandika. Atarudi masika yajayo. Mpaka hapo uzio unabaki.

Kiangazi hicho Shibuda aliswaga ng'ombe mbali, huko mbele ya Nyakanazi, na wengine hawakurudi. Alipofika nyumbani hakumlaumu mkewe. Alikula, akanawa, akamsimulia habari za njiani, na hakumtania hata mara moja. Koleta angetoa chochote atanie.

Kizibao alikuwa amekirudisha kwa Evaristi siku ile ile. Wiki haikwisha akarudishiwa. Msidhani ni huruma. Hakuna mwingine aliyekitaka.

Sasa mvua zimenyesha, nzuri safari hii, na masika yapo katikati. Ukipita njia ya chini ya Kifusi asubuhi utamwona Koleta juu kule, kaketi kwenye jiwe kando ya vigingi, viganja vyake kavikalia. Anavikalia kweli, msidhani natia chumvi. Mbele yake kishonanguo kinachanua, vitambaazi vinakwea, na kuna mahali mzizi wa mninga ulikatikia ndani alipokuwa anavuta kwa nguvu, pametoka kichipukizi chekundu cha urefu wa kidole. Vijana wakipita kwenda mashambani wanampigia kelele kutoka barabarani. Wanalijua jina sasa. Kila wakiita uso unamchoma, vile vile kama mwaka wa mahindi, haujapoa hata chembe.

Juzi bodaboda ilisimama getini, akashuka Limi na fimbo yake. Hakutaka kubebwa. Alipanda mwenyewe, anapumzika, anapanda, mpaka akafika kwenye vigingi na kusimama hapo, pumzi zinamwenda juu juu. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, na chini hawezi tena kuinama. Aliita kwa sauti ile ile ya barabarani.

"Mama Magugu!"

Koleta akainuka kwenye jiwe. Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na udongo.

"Abee, Mayu," akaitika, yaani mama kwa Kisukuma.

"Yamefika wapi?"

"Yamefika magotini, Mayu."